Bibi Bustani, nyanya zangu zinatoa maua afu basi, na mama mkwe anakuja mwezi wa 11

Shikamoo Bibi Bustani,

Naomba unisaidie mwenzio nimechoka, na usinicheke. Mimi ni dada wa miaka 33, nimekulia Temeke, kilimo changu chote maishani kilikuwa mchicha kwenye gunia nyuma ya nyumba ya mama. Sasa hivi niko Houston, Texas, huu mwaka wa pili, na mume wangu na mtoto wetu mmoja. Tumepanga nyumba yenye uwanja mzuri nyuma, fensi ya mbao pande zote, jua linapiga kuanzia asubuhi, na mwenye nyumba kasema limeni mnavyotaka ilimradi msifike kwenye mabomba. Kwa hiyo sehemu ipo, maji yapo, nguvu ninazo. Kinachokosekana sikijui.

Mume wangu kwao ni Lushoto na shida inaanzia hapo. Mama mkwe ni mkulima haswa, kasomesha watoto watano kwa kabichi na karoti, na kila akipiga simu ya video kitu cha kwanza ni "hebu nizungushie simu nione bustani". Jamani. Nimuonyeshe nini?

Mwaka jana mwishoni mwa mwezi wa 5 nilipita dukani nikakuta miche ya nyanya imeshushwa bei, nikanunua 12, nikapanda kwa mistari kabisa kama nilivyoona YouTube. Ikapanda juu mpaka kifuani kwangu, kijani imeiva, maua ya njano kila tawi, nikawa namtumia mama mkwe picha kwa mbwembwe. Basi. Maua yakawa yanadondoka, ukigusa tu ua linabaki mkononi, mwezi wa 7 wote na wa 8 wote, nikaja kupata nyanya nne na moja ilishadonolewa na ndege. Sukuma wiki nilisia mwezi wa 6, zikaota vizuri, afu vikaja viwavi na vidudu fulani vyeusi vyenye madoa ya rangi ya chungwa vikazifanya chujio, na hata majani yaliyobaki yalikuwa machungu mtoto akatema. Karoti hazikuota kabisa. Mchicha ndio uliota, tena mwingi, nikajua hapa nimepata, Jumamosi mume wangu akatoka na mashine ya kukata nyasi akaufyeka wote, ati alidhani magugu. Anasema kwao mchicha hawapandi, unajiotea.

Afu kuna mama mmoja Mkongo tunasali naye alinipa vijiti viwili vya muhogo, vikakua vikapita fensi, nikaanza kuota kisamvu cha Krismasi, sikuchuma mapema nikasema ngoja uchanue vizuri. Krismasi yenyewe tukasafiri. Januari usiku mmoja tu, asubuhi nafungua pazia nakuta majani yote meusi yananing'inia kama mtu kayamwagia maji ya moto. Nililia Bibi, sikufichi. Kilichobaki ni matembele, na hayo nayo yalipanda fensi yakaingia kwa jirani.

Mwaka huu nimerudia nyanya, mwezi huohuo wa 5, nikaongeza mbolea nikidhani ndio ilikuwa tatizo. Majani makubwa kuliko ya mwaka jana, nyanya hakuna. Bili ya maji imekuja mume wangu kaiweka mezani bila kusema neno, na mama mkwe wiki iliyopita kanipa yake kwa upole kabisa, "mwanangu, wengine Mungu hakuwapa mkono wa shamba, si kosa lako". Na visa yake imetoka. Anafika mwezi wa 11 tarehe 10 na atakaa mpaka mwezi wa 4.

Sasa hivi ni wiki ya kwanza ya mwezi wa 8. Niache tu niseme udongo wa Marekani mbaya, au kuna kitu naweza kufanya? Na je, ni kweli kuna watu hawana mkono?

Mke wa Msambaa, Houston



Marahaba mwanangu.

Pole na kisamvu, hicho kimeniuma kuliko nyanya. Na sijakucheka, nimecheka hapo tu kwa mume na mashine ya nyasi, nimecheka mpaka mjukuu akaja kuchungulia kuna nini.

Mimi kwetu Muheza, na huku Houston naingia mwaka wa 17, na hayo uliyoandika ningeweza kuyaandika mwenyewe mwaka wangu wa pili, ukitoa muhogo uweke bamia. Mkono unao. Mtu ambaye hana mkono mchicha haumjai uwanja. Wewe umekosea tarehe tu, na umekosea kwa sababu duka limekukosesha. Ile miche ya nyanya unadhani walishusha bei kwa nini mwezi wa 5? Huku ukiona miche imeshushwa bei ujue msimu wake umeshaondoka, wanataka kuitoa tu kabla haijanyauka mikononi mwao. Kwenye bustani bei nzuri ndio ya kuogopa.

Sasa nisikilize, nikuambie kitu ambacho mimi kilinichukua miaka mitatu. Wewe umekulia Dar na umeolewa na Lushoto, basi huna haja ya kujifunza hali ya hewa mpya, hizo mbili unazozijua ndizo zilizopo hapa, ila zinapokezana zamu kwenye kiwanja kimoja. Kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 9 Houston ni Dar, tena Dar ya Februari, joto na jasho na usiku shuka huligusi. Kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 3 Houston ni Lushoto, asubuhi sweta, mchana jua zuri. Hiyo miezi miwili mitatu ya katikati ndio daladala inapobadilisha abiria. Wewe mwezi wa 6 ulisia karoti na sukuma wiki, yaani ulipanda Lushoto wakati Dar iko kazini, lazima zikatae. Na muhogo, ambao ni mtoto wa pwani, ukauacha nje mpaka Lushoto imefika na baridi ambayo hata Lushoto yenyewe haina.

Kwetu mkulima anaangalia mvua. Huku mvua si tatizo, Houston inanyesha mwaka mzima. Huku unaangalia usiku. Kila jioni kabla hujalala fungua simu uone usiku utashuka mpaka nyuzi ngapi, hiyo ndio vuli yako na masika yako. Chukua nyanya: mchana inavumilia joto kiasi, lakini usiku usiposhuka chini ya nyuzi 75 za Farenhaiti, kama 24 zile tulizozoea, chavua yake inaharibika na ua linadondoka bila kushika tunda. Houston mwezi wa 7 na wa 8 usiku mwingi haushuki hapo. Kwa hiyo ulivyomwaga mbolea uliilisha majani tu, ua halikuwa na njaa, ua lilikuwa na joto. Na zile karoti, udongo wa juu ukikauka na kuchemka vile mbegu ndogo kama ile haina ubavu.

Haya sasa mama mkwe. Mwanangu, umepewa bahati hujaiona. Angekuja mwezi wa 6 ningekwambia mpeleke baharini Galveston afu umrudishe salama. Anakuja mwezi wa 11 mpaka wa 4, yaani anakuja na Lushoto yake ikiwa ndani ya nyumba. Una wiki 13 na ushee. Tuanze.

Wiki hii using'oe nyanya zote. Chagua tatu nne zenye afya, zikate urefu nusu, toa majani yenye madoa, weka matandazo, acha kabisa mbolea. Zitachipua upya. Na kama utaona dukani miche mipya nunua minne, ila hii ya bei kamili! Hii ndio wiki yake, ukifika mwezi wa 9 umechelewa. Ipande jioni, na kwa wiki mbili za mwanzo iwekee kivuli cha saa za mchana, mimi nasimamisha viti vya plastiki upande wa magharibi nafunika na khanga iliyochakaa, majirani wameshazoea. Hizo zitatoa maua kipindi usiku unaanza kupoa mwishoni mwa mwezi wa 9, na utachuma mwezi wa 10 na wa 11. Huku baridi kali ya kwanza mara nyingi inaanza kunusa mwanzoni mwa mwezi wa 12, mwaka mwingine mapema, kwa hiyo muda upo lakini haujajaa. Chukua na nyanya ndogo zile za kama zabibu, zile hazina maringo ya joto kama kubwa.

Udongo ndio jambo la pili na hapa nitakaa kidogo. Chimba shimo sehemu mvua imenyesha, chota tonge, finyanga. Wangu ulikuwa kama wa kufinyangia chungu, ukilowa unavua kiatu, ukikauka unapasuka nyufa unaweza kuingiza mkono, wenyewe huku wanauita gumbo. Ukipanda karoti humo inatoka imepinda kama mguu wa kuku. Usihangaike kuuchimba wote, utaumia mgongo. Inua matuta juu yake. Mimi nina matuta manne ya mbao, upana futi 4 ili mkono ufike katikati kutoka kila upande, urefu futi 8, kimo futi 1, wewe anza na mawili. Jaza udongo wa bustani uliochanganywa na mboji, wanauza kwa lori na kwa mifuko, lori ni rahisi zaidi mkigawana na jirani. Na mvua kubwa za huku zikija maji yanapita chini, mizizi haizami, manake hapa mimea mingi inakufa kwa kuzama kuliko kwa kiu, hata hiyo bili ya maji naiona mimi. Wewe unamwagilia kila siku, eh? Kidogokidogo jioni? Acha. Mwagilia asubuhi na mapema mara mbili tatu kwa wiki mpaka yazame, afu funika udongo. Ingiza kidole mpaka fundo la pili, ukikuta unyevu rudi ndani ukanywe chai.

Matandazo usinunue. Hii mialoni ya huku haipukutishi vuli kama ya kwenye sinema, inabadilisha majani mwezi wa 2 na wa 3, na watu wanayafunga kwenye mifuko wanayaweka barabarani yachukuliwe. Mimi na mzee wangu tunapita na gari saa kumi na mbili asubuhi kama wezi, tunarudi na mifuko kumi. Majani chukua, nyasi zilizokatwa za watu waachie wenyewe, hujui wamepiga dawa gani ya kuua magugu na hiyo dawa inaweza kukuulia mboga. Na majivu usiweke, najua mama mkwe atakuambia uweke, kule yanasaidia, huku udongo mwingi una magadi ya kutosha na hata maji ya bomba yana yake. Kama mna wasiwasi, bwana shamba wa huku yupo, ni ofisi ya ugani ya chuo cha Texas A&M, inaitwa AgriLife Extension, ipo kaunti kwa kaunti, wana maabara ya kupima udongo na wana jedwali la kupandia la kaunti yetu ya Harris, lichapishe ubandike kwenye friji. Mimi la kwangu limeshakuwa na mafuta ya samaki.

Sasa sukuma wiki. Isie kitaluni katikati ya mwezi huu, ndani karibu na dirisha lenye jua au nje chini ya mti, kwenye vikombe vya mtindi ulivyovitoboa. Mwishoni mwa mwezi wa 9 hamishia kwenye tuta, nafasi ya futi moja na nusu mche hadi mche. Pakiti tafuta iliyoandikwa collards, ipo aina inaitwa Georgia Southern nimeipanda miaka yote haijaniangusha. Viwavi watakuja, mwezi wa 10 bado wapo, geuza majani chini asubuhi uwatoe kwa mkono, wakizidi kuna dawa inaitwa Bt, ni bakteria inayoua viwavi tu, wewe na nyuki haiwahusu. Vile vidudu vyeusi na chungwa tumbukiza kwenye maji ya sabuni. Baridi ikija wadudu wengi wanapungua wenyewe, na hapo ndio utaona maajabu, sukuma wiki ikipigwa na usiku wa baridi inageuza wanga kuwa sukari ili isigande, basi jani lile lililomtemesha mtoto mwezi wa 6 utalila Januari utadhani umeweka sukari. Nakuambia mama mkwe atanyamaza mezani.

Kabichi nunua miche mwezi wa 9 mwishoni. Karoti zisie palepale tutani mwanzoni mwa mwezi wa 10, usihamishe, sia juujuu, afu lowanisha na ulaze gunia au ubao juu, chungulia kila siku, siku ukiona kijani cha kwanza ondoa haraka. Siku nyingine kumi sia tena mstari mwingine ili usivune zote mara moja. Spinachi angalia sana hapa, ile tunayoita spinachi kule kwetu, yenye majani makubwa na bua nene jeupe, huku pakiti yake inaitwa Swiss chard, ukinunua iliyoandikwa spinach utapata kimmea kifupi utashangaa nani kakuroga. Chainizi na giligilani sia mwezi wa 10, giligilani haswa, huku kiangazi ukiipanda inakimbilia maua kabla hujachuma hata ya kachumbari. Vitunguu saumu pia mwezi wa 10.

Vitunguu maji ndio mkaidi mmoja asiyejali usiku una joto gani, yeye anahesabu urefu wa mchana. Aina za kaskazini ya Marekani zinasubiri mchana wa saa 14 ndio zivimbe, na huku kusini zinakubaki majani tu, nilipoteza mwaka mzima hivyo. Chukua za mchana mfupi. Watu wa Texas wana yao inaitwa 1015, jina limetoka kwenye tarehe ya kusia mbegu, mwezi wa 10 tarehe 15. Wewe usisie, nunua miche mwezi wa 12, inauzwa imefungwa kama fungu la mchicha, na kazi ya kuipanda mpe mama mkwe. Namaanisha hivyo. Akifika usimuonyeshe bustani iliyoisha, muachie tuta moja tupu. Mkulima aliyekaa Marekani miezi sita kwenye kochi anaangalia dirisha anageuka mkali, nimeliona hilo kwa mama yangu mzazi. Mkabidhi jembe siku ya pili baada ya kulala, mwambie mama hili ni lako. Na siku ya kwanza usiseme kitu, mpe kisu na bakuli mwambie akachume mboga ya mchana.

Kuhusu baridi. Simu ikikuambia usiku utashuka mpaka 32 za Farenhaiti, hapo maji yanaganda, fanya hivi: mchana mwagilia udongo, jioni funika na mashuka ya zamani yafike chini mpaka udongoni uyakandamize na matofali, joto la ardhi libaki ndani. Nailoni usiguse majani nayo, yataungua. Asubuhi jua likitoka funua. Sukuma wiki na kabichi na karoti hazihitaji hata kufunikwa kwa baridi ya kawaida, ni nyanya na hoho ndizo zinaomba blanketi, na usiku ukishaonekana wa baridi kweli chuma nyanya zote mbichi uzifunge kwenye gazeti zitaivia jikoni. Miaka mingine inakuja ya kutisha, ile Februari 2021 ilishuka mpaka 13, umeme ukakatika, mabomba yakapasuka, sisi tulilala wote chumba kimoja, na sukuma wiki zangu 20 zilizokuwa chini ya mablanketi mawili zilirudi sita. Tulizila zile sita mpaka mwezi wa 4. Sikuambii ili uogope, nakuambia uweke mashuka kando usiyatoe sadaka.

Na kisamvu chako. Mwakani ukipata vijiti, panda mwezi wa 4, chuma majani kuanzia mwezi wa 7 usingoje chochote, majani ukiyachuma unachochea mengine. Upepo nao angalia, kimbunga Beryl Julai 2024 kililaza mihogo yangu yote kama mtu kaitandika mkeka, sasa naikata juu isizidi kimo changu. Mwishoni mwa mwezi wa 11 kabla ya baridi chuma majani yote yaliyobaki, twanga, chemsha vizuri kabisa, sumu yake unaijua, afu weka friza. Shina likate vipande vya urefu wa mkono, simamisha kwenye ndoo yenye mchanga mkavu gereji, mwezi wa 4 unapanda tena. Kile kisiki kilichobaki ardhini kirundikie majani kimo cha goti, mara nyingine kinachipua chenyewe. Kile chako ulikingoa? Kama hukukingoa nenda kakiangalie sasa hivi.

Baada ya mwaka mpya ni haraka haraka. Viazi mviringo panda mwezi wa 2, unavuna mwezi wa 5. Njegere mwezi wa 1 na wa 2. Nyanya za kweli, zile utakazojaza sufuria, mbegu unasia ndani ya nyumba wiki ya kwanza ya Januari, mche unatoka nje mwezi wa 3 hatari ya baridi ikishapita, hapo zinapata miezi mitatu ya usiku mzuri kabla Dar haijarudi, na mwezi wa 6 ukiisha unazikata bila kulia. Maharage mwezi wa 3 na wa 4. Mama mkwe atakuwepo bado, kwa hiyo usingizi wako huo mwezi wa 3 usahau.

Afu Dar inarudi. Watu wengi huku mwezi wa 6 wanafunga bustani wanasema kumeungua, na sisi hapo ndio tunakula. Mchicha, kunde na majani yake, bamia, mlenda, matembele, bilinganya, nyanya chungu, vyote panda mwezi wa 4 na wa 5 na vingine mpaka wa 8, havijui hata kama kuna joto. Mbegu ya mlenda ukiikosa kwenye maduka ya Waafrika nenda ya Waarabu, wanaiita molokhia. Bamia chuma kila baada ya siku mbili manake kwa joto hili ukiipa siku ya nne inakuwa kuni. Kuna mzee wa Kivietnamu jirani yangu, hatuelewani Kiingereza mimi wala yeye, yeye ndiye aliyenionyesha kwa mikono kupandisha mboga za kutambaa kwenye nyavu juu halafu chini yake kwenye kivuli anapanda tangawizi na manjano. Anapanda mwezi wa 3, anachimba mwezi wa 11 majani yakishageuka njano. Mimi nimeiga, na matembele nimeyawekea mpaka wa bati lililozama ardhini. Jirani yako huyo wa fensi mpelekee fungu na umuonyeshe kuwa majani yanaliwa, wengi wao wanajua kiazi tu.

Mbaazi nakuonya. Nilizipanda mbegu za kwetu mara mbili, zikawa mti kabisa, zikangojea usiku urefuke ndio zitoe maua mwezi wa 10, maganda bado laini baridi ikazikuta. Sipandi tena, nanunua.

Mume wako mchoree mstari wa kamba na vijiti kuzunguka mchicha na umwambie zaidi ya hapo mashine isipite. Na hiyo bili ya maji ipige picha uiweke, mwezi wa 1 uifananishe.

Mwisho, mama mkwe asije na mbegu kwenye sanduku, najua atataka. Mbegu za kutoka nje zinahitaji cheti cha afya ya mimea, na akikutwa nazo hajazitaja pale uwanja wa ndege watazichukua na faini inaweza kufuata, mtu mzima kusimamishwa mbele ya mbwa wa forodha si jambo zuri. Akiuliza alete nini mwambie alete kibao cha mbuzi. Nazi huku zipo, cha kukunia ndio sijakiona kizuri, na mchicha wa mwezi wa 10 ukiuchuma mwingi ukauchemsha kidogo ukauweka friza, utamfikia.